Namna ya kusimamisha poto (nguzo) ya mbao kwa antene ya redio hapa Lubumbashi bila mchwa kuimaliza

Wandugu wa redio, kila mara naulizwa juu ya hizi poto za mbao za umeme kama zinaweza kushikilia antene, basi leo naandika yote. Zinaweza, na sana. Ila kwanza tumalize hii: poto yenye waya za SNEL, kampuni ya umeme ya serikali, hata kama imesimama kwenye pembe ya lupango (kiwanja) yako, hata kama umeme haujakuja wiki nzima, usiiguse. Umeme unarudi bila kupiga hodi, na waya ya antene ikigusa ile yao, mtu aliyeshika redio ndani ya nyumba ndiye anakufa. Naongelea poto yako mwenyewe, ya mkaratusi iliyotiwa dawa ao ya zamani iliyotolewa kazini ukainunua na karatasi mkononi, maana poto bila karatasi watu watasema umeiba. Na ruhusa ya ARPTC, wale wa serikali wanaosimamia mawasiliano, iwe tayari, na chef wa avenyu umwambie mapema, antene ndefu inatisha watu wasiojua ni ya nini.

Poto ya zamani tunaipima kwa masikio. Ilaze chini, chukua nyundo, gonga kuanzia mguuni unapanda pole pole, mbao nzima inalia kavu, mbao iliyoliwa inalia kama ngoma. Chukua turnevisi (bisibisi) uichome pale ilipokuwa inakutana na udongo, kuanzia usawa wa ardhi kwenda chini sentimita 40 hivi, hapo ndipo inaoza kwanza kwa sababu maji na hewa vinakutana hapo. Ikiingia laini kama kwenye muhogo uliopikwa, hicho kipande kikatwe.

Sasa hapa ndipo kosa lenyewe linaingia, na mi nililifanya. Poto yangu ya kwanza nilikata mita 2 zilizooza, nikachimba shimo, nikaisimamisha, nikamwaga zege pembeni nikaona nimemaliza. Msimu wa pili wa mvua, mwezi wa kwanza, usiku, ikaanguka juu ya jikoni la jirani, watoto walikuwa wamelala chumba cha pili. Mpaka leo nikikumbuka moyo unanidunda. Tulipofukua tukakuta ngozi ya nje nyeusi ya dawa iko nzima kabisa, lakini ndani mchwa wameila yote imebaki wazi kama tiyo (bomba). Dawa huwa inaingia sehemu ya nje tu, moyo wa mbao hauipokei, kwa hiyo ukikata mguu umewafungulia mlango. Na zege ikageuka kikombe, maji ya mvua yanakaa mle. Sisi tunaishi katikati ya vichuguu vyenye kupita urefu wa mtu, mchwa wa hapa si wa kuchezea. Wengine wanapaka mafuta machafu ya motere, hayo yanachelewesha tu kidogo na yanashuka kwenye visima vyetu, achaneni nayo.

Kama mguu haujakatwa na dawa yake ni nzima, unaweza kuizika: chukua asilimia 10 ya urefu uongeze sentimita 60, kwa hiyo poto ya mita 12 inaingia mita 1.8. Usiweke zege, weka mawe madogo na kokoto, unashindilia kila sentimita 20, maji yapite.

Kama umekata, fanya kama ninavyofanya sasa, miguu ya chuma. Unatafuta vyuma viwili vya U vya mita 3 kwa wauza vyuma vya zamani, unavisimamisha vikitazamana, mita 1.5 inaingia kwenye zege na mita 1.5 inabaki juu, poto inakaa katikati, imefungwa na bulo (bolti) mbili za milimita 16, ya chini sentimita 40 kutoka zege, ya juu kwenye mita 1.3. Mwisho wa mbao unabaki sentimita 15 juu ya zege, haugusi kitu, ukiona kamstari ka udongo ka mchwa kanapanda kwenye chuma unakakwangua siku hiyo hiyo. Na uzuri mwingine ni kwamba ukitoa bulo ya juu poto inalala kwa ile ya chini, hakuna mtu wa kupanda. Chimba mwezi wa tano, mvua imekwisha lakini udongo haujawa tofali, zege ikae wiki 4, halafu itisha watu wanane na kamba tatu, na chini ya poto asisimame mtu. Iwe mbali na waya zote kwa urefu wake wote na mita 5 za kuongeza.

Antene yenyewe ni rahisi. Gawa 143 kwa megahezi utakazoongelea: kwa 7.1 unapata waya ya mita 20 na kidogo, mita 10 kila upande. Katikati inapanda kwenye puli juu ya poto, ncha mbili zinashuka pembeni kama paa la nyumba mpaka mita 3 kutoka chini, zisishuke zaidi sababu kwenye ncha ndiko volti zinakuwa nyingi na watoto wanacheza. Katikati ikiwa mita 10 kutoka chini, hiyo bendi ya megahezi 7.1 inatupa mawimbi yake mengi juu, yanarudi karibu, mchana Likasi na Kolwezi unawapata vizuri. Ukitaka mbali tumia megahezi 14.2, hapo hizo mita 10 kutoka chini ni karibu nusu ya wimbi, mawimbi yanatoka chini chini. Kamba ya puli iwe ya poliesta na ifungwe mviringo, ikikatika upande mmoja unaivuta kwa mwingine. Ile ya bluu ya sokoni jua linaivunja inakuwa unga.

Na radi. Shusha waya ya shaba ya milimita 16 za mraba kutoka juu mpaka fito mbili ao tatu za chuma za mita 2 zilizopigwa ndani ya udongo na kuunganishwa, tena ziunganishwe na zile za ardhi za umeme wa nyumba, mita 3 za chini uifiche ndani ya tiyo ya plastiki, shaba hapa haikai wazi siku mbili. Hata hivyo, wingu likianza kunguruma chomoa kable ya antene uitupe nje ya dirisha, usingoje kumaliza maongezi.