Moto kwenye frem: lipi la mwenye jengo, lipi la mpangaji

Wadau, wengi wetu tunawakumbuka Zimamoto siku ya ukaguzi tu. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya 2007 inampa mkaguzi nguvu ya kuingia kwenye jengo lako, lakini yeye anakuja na kuondoka. Unayebaki na jengo ni wewe.

1. Anza na mlango, siyo mtungi wa kuzimia moto. Moshi huua kabla ya moto. Wafanyakazi wanahesabu mzigo, grili imepigwa kufuli, ufunguo uko mfukoni kwa bosi aliyekwenda benki: hapo hata mitungi kumi haisaidii. Jipime hivi: fumba macho stoo, papasa ukuta mpaka nje. Kila utakachojikwaa, beli la nguo au kreti, kihamishe leo hii.

2. Umeme. Ekstensheni moja isibebe friji, feni na pasi. Meni swichi isizibwe na maboksi, na kila mfanyakazi aijue ilipo. Ukifunga, zima. Soko Kuu la Kariakoo liliwaka usiku, Julai 10, 2021. Moto wa usiku haumkuti mwenye duka.

3. Mtungi. Wa unga mkavu unafaa maduka mengi; penye kompyuta, wa hewa ukaa hauachi uchafu. Mshale wa geji uwe kwenye kijani, pini na sili viwepo. Wa hewa ukaa hauna mshale, hupimwa kwa uzito. Utundike karibu na mlango, upambane na moto huku njia ya kutokea iko mgongoni.

4. Wafundishe watu: piga 114 ya Zimamoto, vuta pini, lenga kitako cha moto, bana mpini, fagia kushoto na kulia. Mtungi wa kilo 6 haumalizi nusu dakika, kwa hiyo ukiisha na moto bado upo, toka.

5. Cheti cha Zimamoto: omba ukaguzi, rekebisha utakayoambiwa, lipia, tundika. Kila mwaka.

MASWALI

*Mkuu, mwenye jengo anasema mitungi ni juu yangu. Kweli?*
Kwa kawaida ya ndani ya frem ni yako. Korido, ngazi, king'ora na mipira ya maji ni vyake. Yaandikeni kwenye mkataba, maana kwa mdomo atakuruka.

*Tulijaribu mtungi kidogo tu, mshale bado uko kijani.*
Upelekeni ukajazwe. Unga hubaki kwenye vali, gesi inavuja taratibu.

*Mama lishe anapikia chini ya ngazi zetu, na gesi yake iko hapo hapo.*
Ahamishwe, na hilo ni la mwenye jengo. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hujikusanya chini, na ngazi ndiyo njia yenu ya kutokea. Mkisikia harufu msiguse swichi yoyote, hata ya kuzima; fungeni koki, fungueni milango. Mafuta yakiwaka kikaangoni, afunike na kuzima jiko. Maji asithubutu.

*Usiku tunamfungia mlinzi ndani, wezi wengi.*
Mpeni ufunguo. Kama hamumwamini na ufunguo, tafuteni mlinzi mwingine.