Namna ya kushona blanketi la viraka la mtaa mzima, Moshi

Blanketi linalochangiwa na kaya 42 huharibikia kwenye vipimo. Kila nyumba ikikata kiraka kwa jicho lake, hakuna fundi atakayeviunganisha vikalala sawa. Kwa hiyo nyumba zilete vitambaa na kupamba. Kukata na kuunganisha kubaki kwa watu wawili watatu.

Tangazeni Januari kwenye kikao cha vikoba au cha jumuiya, vitambaa vifike kabla Februari haijaisha. Masika yakishika, nguo hazikauki vizuri, na kitambaa kilichokunjwa na unyevu huota madoa meusi ya ukungu yasiyotoka. Mkienda hivyo, baridi ya Juni italikuta blanketi tayari.

Pokeeni pamba tupu. Vitenge vingi vya bei ndogo ni poliesta, na pasi ya mkaa huviyeyusha. Chomeni nyuzi mbili tatu: za pamba huacha majivu laini, za poliesta huacha kidonge kigumu. Fueni vyote kwa maji ya moto kabla ya kukata, maana pamba mpya hupungua. Kisha kila kimoja kipigeni pasi kikiwa kibichi juu ya kitambaa cheupe. Kikiacha rangi, kifueni tena; kikichuja hata mara ya tatu, kiwekeni kando, kwani kimoja tu kitachafua vingine vyote.

Khanga ni nyepesi kuliko kitenge, hivyo itieni marekani (kitambaa cha pamba kisicho na maua) kwa chini. Ikateni upande wa mji, yaani sehemu ya kati iliyo ndani ya pindo. Jina, yaani maneno yaliyoandikwa kwenye khanga, halienei kwenye kiraka, na likikatwa nusu huweza kusema jambo ambalo mwenye khanga hakulikusudia.

Kipimo kiwe marumaru ya sakafu ya sentimita 30 kwa 30. Msitumie boksi: huliwa ukingo kila chaki ikipita, na viraka vya mwisho hutoka tofauti na vya kwanza. Kateni 46, vinne vya akiba. Kisha virudi majumbani vikatariziwe jina au picha, umbali wa sentimita 3 kutoka ukingoni, la sivyo herufi zitamezwa na mshono.

Kuunganisha kufanywe kwa cherehani moja. Bandikeni utepe kwenye bati la cherehani, sentimita 1 kutoka kwenye sindano, kitambaa kiufuate. Hapa msilegeze: mshono ukizidi milimita 2 kila upande, mstari wa viraka sita hupungua milimita 20, na blanketi zima huvutwa pembe. Shoneni mistari saba ya viraka sita sita. Kwenye mstari wa kwanza lazeni mishono yote kulia kwa pasi, wa pili kushoto, mfuatane hivyo. Mistari ikikutana, mishono hukaa bega kwa bega bila kuweka nundu. Mtapata sentimita 170 kwa 198.

Katikati wekeni blanketi jepesi la mtumba. Masoko ya Memorial na Kiboriloni yanayo. Chini ni shuka kubwa la pamba, lililozidi sentimita 5 kila upande. Litandazeni sakafuni, uso chini, mlibane kwa utepe pembezoni: linyooke, lisivutwe, maana likivutwa litarudi na kukunja viraka vya juu. Yakishapangwa matabaka yote matatu, tieni pini kuanzia katikati kwenda nje, kila sentimita 15. Zinahitajika kama 140.

Kisha fungeni kwa uzi wa pamba wa kufumia, mafundo mawili kinyume, ncha zibaki sentimita 2. Fungeni pembe 30 za ndani na katikati ya kila kiraka, jumla mafundo 72. Mkifunga pembe peke yake, tabaka la kati litajikusanya baada ya kufuliwa mara chache.

Ukingo huhitaji nusu mita ya kitenge: vipande saba vya upana wa sentimita 6, viungwe kwa mshazari. Punguzeni matabaka yaliyozidi, shoneni ukingo upande wa juu kwa cherehani, mgeuze, mmalizie nyuma kwa mkono.