Usiache betri ya roboti iishe kabisa

Nyinyi mnaounda roboti hapa Kisumu na zile seli za 18650 (betri za lithiamu za duara) za kutolewa kwa laptop mbovu, tafadhali msingoje mota zilegee ndio mjue chaji imeisha, hapo mmechelewa. Seli ikijaa ni volti 4.2, ikifika 3.0 simamisha, kwa sababu ikishuka sana shaba ya ndani inaanza kuyeyuka na siku utaichaji inaweza piga shoti ndani kwa ndani, na moto wa lithiamu si mchezo.

Kama umeunga seli mbili zikafuatana, weka rizista mbili za kilo-omu 10 zikifuatana kutoka chanya hadi hasi ya betri, pale katikati yao peleka kwa A0, pini ya kusoma volti ya Arduino Uno (ile bodi inayoongoza roboti), 8.4 inakuwa 4.2 na pini haiungui, halafu kwa kodi zidisha mara mbili, ikisoma betri iko chini ya 6.4 (yaani 3.2 kila seli, juu kidogo ya ile 3.0) zima mota. Soma mara kadhaa uchukue wastani lakini, mota ikishtuka kuanza volti hudondoka kidogo alafu zinarudi.

Na kuzima mota haitoshi! Bodi bado inanyonya, hata hizo rizista zinanyonya pole pole, so swichi ya kukata betri kabisa ni lazima. Seli ikishafika chini ya volti 2 usijaribu kuifufua.