Jina Lako Linapanda na Mpiga Gita Wako Anakunywa: Fanya Hivi

Ninawaandikia waimbaji wasichana wa Nairobi ambao huniuliza swali hili baada ya mazoezi, wenzao wakishatoka. Swali lenyewe huwa na sura moja. Jamaa ndiye aliyemsikia akiimba kwanza, akamfundisha kuingia kwenye mdundo, akampeleka kwa prodyusa, akapiga gita la wimbo uliomtoa. Wakapendana. Sasa msichana anaitwa kwenye redio, bango lina picha yake peke yake, na jamaa anatoa loki, yaani anakunywa ili kutuliza pombe ya jana, saa tatu asubuhi. Afanyeje?

Nimeimba na bendi za mji huu tangu enzi za kanda, na siku hizi nafundisha sauti Buruburu kila Jumamosi. Jambo moja nataka ulishike kabla ya mengine yote: acha kumfunika, yaani kumfichia makosa. Jukwaani kufunika ni kazi yetu. Mpiga gita la solo akikosea kuingia, mwimbaji hurudia kiitikio, husalimia meza za nyuma, huwapigisha watu makofi mpaka gita lipate njia, na aliyelipa kiingilio asijue kitu. Ustadi huo ni wa heshima. Ila ukiubeba mpaka nyumbani, ukawa unamfunika kwa kiongozi wa bendi, kwa mwenye nyumba na kwa mamake, ugonjwa wake unapata pa kukaa. Nitakayosema hapa chini yote yanatoka hapo.

Anza kwa kujua unachokabiliana nacho. Usihesabu chupa. Wanamuziki wengi hunywa kwa sababu kazi yetu iko baa: unafika saa kumi na moja jioni kupima vyombo, unapanda saa tatu usiku, katikati umekaa kaunta, na mteja anayependa mkono wako anakuagizia kinywaji badala ya kukutuza pesa. Angalia kinachotokea asipokunywa. Mikono inatetemeka anapokaza nyuzi asubuhi, kisha inatulia akipata robo, ile chupa ndogo ya pombe kali? Anatokwa jasho, anatapika akipiga mswaki, chai haipiti? Kuna robo kwenye mfuko wa gita, chini ya nyaya? Anazima, yaani kesho yake haikumbuki seti ya pili kabisa ingawa aliicheza yote bila kukosea? Basi mwili wake umeshaizoea pombe hivi kwamba haujui kukaa bila hiyo, na mwili wa namna hiyo unamhitaji daktari kuliko mawaidha.

Hapa nikae kidogo, maana ndipo watu wanapofia. Ukishatambua hayo, usimwagie pombe yake kwenye sinki. Usimfungie ndani. Usikubali mtu yeyote, awe kaka yake au mchungaji, amwambie aache leo papo hapo. Maombi ni mazuri na mimi mwenyewe ni mtu wa maombi, lakini mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu akikatizwa ghafla anaweza kufa. Kutetemeka na jasho huanza baada ya muda wa saa 6 hivi tangu glasi ya mwisho. Degedege linaweza kumshika ndani ya siku 2 za mwanzo. Kati ya siku ya 2 na ya 4 wengine huanza kuona wadudu ukutani na kusikia watu ambao hawapo, homa inapanda, moyo unakimbia. Hospitalini anapewa dawa za kumtuliza zinazopunguzwa kidogo kidogo, pamoja na vitamini B1, ambayo pombe huwa imeimaliza mwilini na ambayo ikikosekana ubongo unaharibika. Kwa hiyo daktari kwanza, kuacha baadaye.

Kwa Nairobi, Hospitali ya Mathari iliyo kando ya Barabara ya Thika ina huduma za walevi na waraibu wengine. Piga pia 1192, simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali inayopambana na ulevi na dawa za kulevya, uulize vituo vilivyoidhinishwa. Usikose kuuliza neno hilo, “vilivyoidhinishwa”, kwa sababu kuna nyumba mjini zinajiita rihabu na hazina hata muuguzi. Programu nyingi huchukua kama miezi 3. Uliza gharama kabla hujamgusia jambo lolote, uliza bima inalipa nini, na uwe na jina la mtu wa kumwona na siku ya kwenda.

Ukishayapata hayo ndipo uongee naye. Si usiku baada ya shoo, na kamwe si mbele ya bendi. Kuna muda mfupi kila siku ambapo hatetemeki na bado hajalewa. Kwa wengi ni kama saa nne asubuhi. Wewe unaujua muda wake kuliko mimi. Zima simu zenu zote mbili. Sema ulichokiona kwa macho yako, usimwite majina. Maneno ninayowapa wanafunzi wangu ni haya: “Mpenzi, juzi kwenye wimbo wa tatu ulianza kwa sauti ya wimbo mwingine. Niliwapigisha watu makofi mpaka ukarudi. Ijumaa sitafanya hivyo. Nakupenda na nataka upone. Nimeuliza Mathari, Jumatano tunaweza kwenda.” Kisha nyamaza. Atakuambia kwamba kila mtu kwenye bendi anakunywa, na ni kweli. Atakuambia gita halilii bila kinywaji. Usibishane naye kuhusu gita. Rudia Jumatano. Akikataa, mwambie utamuuliza tena wiki ijayo, na umuulize kweli.

Siku hiyohiyo anza kuacha kumfunika. Kiongozi wa bendi akipiga simu kuuliza mbona hajafika, usimwambie ana malaria. Sema, “Amelala. Ana shida ya pombe. Mpigie mwenyewe.” Kinywa kitakuwa kizito mara ya kwanza. Deni la kaunta usilipe. Mamake akipiga kutoka ushago kuuliza kwa nini hatumi pesa, mpe simu yeye mwenyewe aongee. Chagua pia ndugu yake mmoja anayemheshimu, umweleze kila kitu, usibaki peke yako na siri hii. Na wewe tafuta watu wako. AA, kundi la walevi wanaosaidiana kuacha pombe, ina mikutano Nairobi na haina ada. Walio nje ya chupa, yaani wake, waume na wapenzi wa walevi, nao wana kundi lao, Al-Anon, lililoanza Marekani mwaka 1951, na mikutano yake ipo hata mtandaoni kwa anayeogopa kuonekana.

Sasa pesa. Shoo ikilipwa kwa jina lako, mlipe kila mchezaji mwenyewe kwa M-Pesa usiku uleule, yeye pia, na kiasi kilekile mlichokubaliana. Pesa yake ni jasho lake, huna haki ya kuizuia. Lakini akiwa mzima, yaani hajalewa, kubalianeni kwamba sehemu yake ya kodi inakwenda moja kwa moja kwa keateka wa nyumba kabla hajashika kilichobaki. Kwenye makubaliano na mwenye baa andika kwamba malipo ni pesa, bendi inapewa chakula, maji na soda, na hakuna bili ya vinywaji itakayokatwa. Nimeona wachezaji wazuri wakitoka kazini alfajiri wakiwa na deni, kwa sababu walichokunywa kilizidi walicholipwa. Meneja atanuna. Jina lako linamletea watu, kwa hiyo atakubali.

Nyimbo mlizotunga pamoja ziandikeni leo. Usingoje mgombane, usingoje pia afe. Kaeni chini akiwa mzima, karatasi moja kwa kila wimbo: nani alitunga maneno, nani sauti, nani alileta ile gita ya mwanzo ambayo watu wanaitambua wakiisikia kwenye matatu. Pangeni asilimia, mtie sahihi wawili, awepo shahidi. Ziandikisheni KECOBO, ofisi ya serikali ya hakimiliki. Kwa mirabaha, yaani pesa za wimbo unapotumika, kuna vyama vya watunzi na vya waliopiga na kuimba; waulize KECOBO ni vipi vina leseni sasa, na yeye ajiandikishe kwa jina lake. Usimnyime fungu lake eti atalinywa. Kwa sheria ya Kenya hakimiliki ya muziki hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na kwa wimbo wa watu wawili miaka hiyo huhesabiwa tangu afe wa mwisho. Kama ana mtoto, huyo mtoto atakula kutokana na gita la babake akiwa mtu mzima.

Kuhusu bango nitakuwa wazi. Itafika siku jina lako litaandikwa kubwa na lake halitakuwepo. Ataliangalia na hatasema kitu, au atasema mengi. Atakukumbusha alivyokukuta kwaya ya kanisani hujui hata kushika maikrofoni. Mshukuru kwa hilo, na umshukuru kila unapohojiwa, kwa jina lake kamili, kwa sababu ni haki yake. Lakini usiikatae shoo kubwa ili yeye asiumie. Wasichana wengi hujikunja hapo. Nimewaona wakirudi kuimba seti za Alhamisi mahali palepale, na yeye anaendelea kunywa kama kawaida, maana hakuwa anakunywa kwa sababu ya bango. Mtafute mpiga gita wa pili, afundishwe nyimbo zote, na mwenzio amjue na ajue ni kwa nini yupo. Rekodi sehemu zake zote za gita akiwa mzima, hata kwa simu. Siku ya kupanda National Theatre au Alliance Française, asipofika saa ya kupima vyombo, wa pili anapanda. Usiisogeze shoo.

Mimi niliyempenda alikuwa mpiga solo. Hakuna mtu aliyepiga rumba taratibu kama yeye mji huu, na nitalisema hilo mpaka nife. Alitapika damu usiku wa Jumapili na hakufika asubuhi. Ini likishajaa makovu damu haipiti vizuri, inarudi kwenye mishipa ya koo la chakula, mishipa inavimba, siku moja inapasuka. Kwa hiyo ukiona macho ya manjano, tumbo linalojaa huku mikono ikikonda, kinyesi cheusi kama lami, au damu kwenye matapishi hata kijiko kimoja, usisubiri kukuche. Ita gari limpeleke hospitali.

Akirudi kutoka hospitali mzima, furahi, na uwe makini kuliko mwanzo. Mwili uliopumzika hauwezi tena kiwango kile cha zamani. Amy Winehouse, mwimbaji wa Uingereza, alikuwa amekaa bila pombe kwa muda kabla ya kufa London tarehe 23 Julai 2011. Akarudia kunywa, na damu yake ilikutwa na miligramu 416 za pombe kwa kila mililita 100, zaidi ya mara 5 ya kiwango anachoruhusiwa dereva wa Uingereza. Alikuwa na miaka 27. Mweleze mwenzio habari hii waziwazi, kwamba akiteleza asirudie vipimo vya zamani, na akiteleza akuambie.

Miezi ya mwanzo asipige baa. Kazi zipo: studio, harusi za mchana, ibada, kufundisha vijana gita. Siku ya kwanza kurudi kwenye shoo ya usiku, afike wakati wa kupanda, si muda wa saa nne kabla yake. Gari lake lipangwe mapema. Akimaliza seti anafunga gita na kuondoka, wewe ukibaki na mashabiki. Katikati ya seti akae na mtu asiyekunywa. Mpiga ngoma wetu mmoja alikuwa akikaa nje kwenye ngazi na mlinzi wakila njugu karanga, na aliishi.

Akianza kusema kwamba wewe ungekuwa mbali zaidi kama yeye hayupo, usiyapite maneno hayo. Muulize moja kwa moja, “Unafikiria kujiua?” Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, ondoa dawa na kamba karibu naye, piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, mpeleke Mathari au hospitali yoyote iliyo karibu. Usiogope polisi, Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Shoo ya usiku huo iahirishwe. Hiyo ndiyo moja ninayokubali iahirishwe.

Akikuinulia mkono, toka. Usingoje aombe msamaha akiwa mzima. Piga 1195, simu ya msaada kwa wanaofanyiwa ukatili, ni bure, na lala kwingine. Unaweza kuendelea kumtafutia daktari ukiwa kwa dada yako. Kumpenda na kulala naye nyumba moja ni mambo mawili.

Na ikiwa umefanya haya yote naye akafa, maana wengine hufa, usiache kuimba nyimbo zenu eti kwa heshima. Ziimbe, umtaje mtunzi. Kabla kamati ya mazishi haijavunjika, omba ndugu wachukue nakala za cheti cha kifo, zaidi ya moja. Nenda nao mpaka kwenye chama alichojiandikisha, beba zile karatasi zenu za mgawo, uulize utaratibu wa kuandikisha warithi. Mamake hatajua kuwa kuna kitu cha kudai. Wewe unajua.