Kuchagua na kufunga vifaa vya mtandao katika viwanda vya Lubumbashi

Katika viwanda vya Lubumbashi na katika migodi inayouzunguka mji huu, pampu, mizani, mota na kamera hutumiana taarifa kwa Etheneti, yaani mtandao wa aina ileile inayotumika ofisini. Kufanana huko ndiko kunakowafanya wasimamizi wengi waamini kwamba swichi ya ofisini, yaani kifaa kinachounganisha kebo za mtandao, yatosha pia kiwandani, kwa kuwa matundu yake ni yaleyale na bei yake ni nafuu. Kwa maoni yangu, swichi za viwandani mara nyingi huuawa na mahali zilipowekwa na umeme unaozilisha kabla hazijachakaa zenyewe. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia hapo.

Kabla ya kufungua katalogi yoyote, tembea kiwandani na uandike hali ya kila sehemu ambapo kifaa kitakaa: joto, vumbi, maji, mtikisiko, na mvuke wa kemikali. Swichi ya kawaida ya ofisini hutengenezwa kwa joto la nyuzi 0 hadi 40 au 45, na nyingi hupozwa kwa feni ambayo huvuta vumbi ndani hadi izibe. Swichi ya viwandani kwa kawaida haina feni. Hutoa joto kupitia mwili wake wa chuma, na nyingi huvumilia kuanzia nyuzi 40 chini ya sifuri hadi 75 juu yake. Kumbuka kwamba kipimo hicho ni cha hewa iliyo ndani ya kabati. Kabati la chuma linalopigwa na jua la Oktoba huwa na joto kali kuliko hewa ya nje, na kila kifaa kilichomo huongeza joto lake. Lifunge kivulini, na uache nafasi juu na chini ya kila kifaa. Usiku wa Juni na Julai, baridi inaposhuka chini ya nyuzi 10, unyevu hugeuka matone ndani ya kabati. Hita ndogo yenye kidhibiti joto huzuia hali hiyo.

Kinga dhidi ya vumbi na maji husomwa katika msimbo wa IP wa kiwango cha kimataifa IEC 60529. Tarakimu ya kwanza huhusu vitu vigumu, ya pili huhusu maji. Swichi ya IP20 haizuii maji kabisa, nayo hufaa tu ndani ya kabati lililofungwa vizuri. Ya IP67 haipitishi vumbi na huhimili kuzamishwa katika maji ya mita 1 kwa dakika 30, hivyo yaweza kufungwa karibu na mashine yenyewe kwa plagi za duara za M12 zinazokazwa kwa skrubu na ambazo hazilegei kwa mtikisiko. Hata hivyo msimbo huo hausemi lolote kuhusu tindikali. Karibu na matangi ya elektrolisisi, ambako shaba hutolewa katika mmumunyo wa asidi ya salfa, ukungu wa asidi hula viunganishi pole pole. Hapo agiza vifaa ambavyo kadi zake za elektroniki zimepakwa utando wa kinga, au, jambo ambalo ni bora zaidi, hamishia kabati katika chumba kingine na upeleke kebo tu.

Umeme unastahili fedha nyingi kuliko swichi yenyewe. Vifaa vya viwandani hulishwa kwa volti 24 za mkondo mnyoofu, na vilivyo bora vina njia mbili za kuingizia umeme. Ziunganishe na vyanzo viwili tofauti, kimoja kikiwa na betri, kwa sababu umeme wa SNEL, shirika la umeme la Kongo, unapokatika na jenereta kuanza, pengo la sekunde chache latosha kuzima swichi, nayo huenda ikachukua dakika nzima kuamka huku mashine zikiwa hazina mawasiliano. Funga pia waya wa rilei ya tahadhari, ili chanzo kimoja kikifa mtu ajulishwe mapema. Kabla ya mvua za Novemba na radi zake, hakikisha kabati na reli ya DIN ya milimita 35, yaani ukanda wa chuma ambao vifaa hupachikwa juu yake, vimeunganishwa ardhini kwa waya mnene, na uweke vizuia mawimbi ya umeme kwenye nyaya zinazotoka nje.

Kebo ya shaba ya Etheneti haipaswi kuzidi mita 100. Tumia yenye kinga ya chuma, iweke mbali na nyaya za mota, hasa zile za mota zinazobadilishwa kasi kwa elektroniki, na pale zinapolazimika kukutana zikatize kwa pembe mraba. Kati ya jengo na jengo usitumie shaba kamwe, hata umbali ukiwa mfupi: ardhi za majengo mawili hazina volti sawa wakati wa radi, na tofauti hiyo hupita katika kebo na kuunguza ncha zote mbili. Hapo tumia faiba, yaani kebo ya nyuzi za kioo inayopitisha mwanga, kwa kuwa haipitishi umeme. Faiba ya njia nyingi ya daraja la OM3 hufika mita 550 kwa kasi ya gigabiti 1, na ya njia moja hufika kilomita 10 kwa vipitishi vya kawaida. Safisha ncha zake kila mara kabla ya kuzichomeka.

Nunua swichi zinazosimamiwa, yaani zile unazoweza kubadilisha mipangilio yake, kwa sababu ndizo zinazokuwezesha kuunda pete ambamo kebo moja ikikatika taarifa huzungukia upande wa pili. Washa kwanza itifaki ya pete, yaani kanuni za mawasiliano zinazoiongoza, katika swichi zote, ndipo uchomeke kebo ya mwisho. Ukitangulia kuifunga, ujumbe utazunguka bila kikomo na mtandao wote utasimama. Itifaki ya pete iitwayo MRP huponya pete ya swichi hadi 50 ndani ya milisekunde 200. Tenga mtandao wa mashine na wa ofisi kwa ruta yenye kichujio cha usalama, na ubadilishe nywila zilizowekwa na watengenezaji wa vifaa siku ya kwanza, kwa kuwa itifaki ya mashine iitwayo Modbus, iliyobuniwa mwaka 1979 na ambayo bado inatumika sana, haimuulizi yeyote yeye ni nani kabla ya kutii amri.

Mwisho, agiza swichi moja ya akiba ya modeli ileile, kwa maana mzigo unaopitia Kasumbalesa, kwenye mpaka na Zambia, hauji kwa haraka ya kiwanda kilichosimama. Hifadhi nakala ya mipangilio ya kila swichi nje ya swichi hiyo, ama katika kadi ya kumbukumbu inayochomolewa ikiwa modeli inayo, na ubandike kwenye mlango wa kabati mchoro unaoonyesha kila kebo inatoka wapi na inakwenda wapi.