Ndege wa Amboseli: paki, zima injini, tulia
Wanaoenda Amboseli kuangalia ndege, jamani msizunguke na gari siku nzima. Ingia saa 12 asubuhi geti likifunguliwa, nenda kinamasi cha Enkongo Narok upaki upande wa mashariki wa maji ili jua liwe mgongoni, zima injini na ukae humo humo ndani, maana ndege gari wamelizoea ila wakiona mtu amesimama nje wanaruka wote. Hapo utamuona sile-maua (ndege anayeitwa jacana kwa Kiingereza) anatembea juu ya majani ya maji kwa vile vidole vyake virefu, raha tupu! Alafu tafuta tembo, wakipita kwenye nyasi wanafurusha panzi na yangeyange wako pale pale miguuni wanadonoa. Ukichoka kukaa, kwenye kilima cha Observation Hill unaruhusiwa kushuka kwenye gari.