Kabla hujaniuliza pa kula Goma, niulize saa ngapi

Shemeji yangu anakuja Goma, mashariki mwa Kongo, kutoka Kampala, na hajawahi kukanyaga mji huu tangu harusi yetu. Juzi amenitumia ujumbe: "Shemeji, niandikie restora tano nzuri, fundi mmoja wa nguo na mahali pa kununua fromaji." Fromaji ndiyo ile watu wa pwani wanaiita jibini. Nikaanza kumwandikia majina. Nilipofika la tatu nikafuta yote.

Majina ninayo, hata kumi. Tatizo ni kwamba mama yuleyule anayekukaangia sambaza, samaki wadogo wa ziwani, za kulamba vidole Jumanne, Ijumaa anaweza kukupa za juzi zilizorudishwa kwenye mafuta, na hajakudanganya: ziwa ndilo halikutoa. Hapa kwetu mahali pazuri pana saa yake, pana siku yake, na pana noti pasizozikubali. Kwa hiyo nimemwandikia haya kwanza. Majina nitamwonyesha kwa kidole akifika.

Anza na pesa, na sisemi ni kiasi gani. Dola inapokelewa karibu kila mahali Goma, lakini iwe safi kama imetoka kwenye pasi. Kona iliyochanika, muhuri mdogo wa duka la kubadilishia fedha, alama ya kalamu, yote hayo ni sababu ya kurudishiwa noti yako na uso usio na huruma. Muuzaji ataiinua kwenye mwanga, kisha atapitisha ukucha kwenye koti la yule mzee aliyechorwa, asikie kama karatasi inakwaruza. Usikasirike, yeye mwenyewe atafanyiwa hivyo kesho na anayemletea unga. Noti za dola moja usizitegemee, wengi hawazitaki hata zikiwa mpya. Kichekesho ni kwamba franka zetu, zilizobandikwa kwa skochi mpaka sura haionekani, mara nyingine zinapita bila neno. Mara nyingine hazipiti. Ndiyo maana nakuambia uwe na za aina zote mbili, na franka ziwe ndogondogo, kwa sababu mama wa bugali, yaani ugali, hana pesa ya kukurudishia ukimpa noti ya 20,000 saa sita mchana.

Benki usiziweke kwenye mipango yako. Vita vilipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025 zilifunga milango, na sisi tukajifunza kuishi na simu: M-Pesa, Airtel Money, Orange Money. Wakala wa kutoa pesa anakata chake kulingana na uhaba wa noti siku hiyo, basi muulize anakata ngapi kabla hujabonyeza namba ya siri. Anayepitia Gisenyi, mji wa Rwanda ulio ng'ambo ya mpaka, heri atoe pesa hukohuko kabla ya kuvuka mpaka. Ni ushauri wa aibu kidogo kwa mji wa wafanyabiashara kama huu, ila ndio ulivyo.

Sasa sambaza, maana najua ndizo zinazomleta, fundi wa nguo ni kisingizio tu. Samaki huyu mdogo, urefu wa kidole, anayemeta kama bati jipya, si mzaliwa wa Ziwa Kivu. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959, akazoea maji yetu kiasi kwamba leo ukimwambia mtoto wa Goma kuwa sambaza ni mgeni atakucheka. Huvuliwa usiku. Wavuvi hufunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, wakapiga makasia huku wanaimba, na wakifika mbali wanawasha taa. Samaki wanaufuata mwanga, wavu unawasubiri chini. Sasa fikiria mwezi ukiwa mzima: ziwa lote linang'aa, taa ya mvuvi inakuwa mshumaa mchana. Sambaza hawana haja ya kusogea. Siku hizo kikombe sokoni kinapanda bei, na unachokipata mara nyingi kimelala.

Kwa hiyo jambo la kwanza kabla ya kula sambaza Goma ni kutazama mbinguni usiku uliopita. Kama kulikuwa na giza totoro, amka mapema, nenda upande wa Kituku, soko la kando ya ziwa, asubuhi, mitumbwi ikiwa bado inashusha. Mama akiwa na beseni mbele yake, inama utazame macho ya samaki. Ya leo yana jicho jeusi lenye maji, tumbo limekaza. Za jana tumbo limepasuka na harufu inakufikia kabla hujainama. Mimi huwa nauliza tu:

"Mama, hizi ni za usiku huu?"

"Za usiku huu, mama. Shika mwenyewe."

Anayesema "shika mwenyewe" ananipata. Anayefunika beseni kwa kitambaa na kuanza kunisifia mtoto mgongoni, naendelea na safari. Tazama na kikombe chenyewe pia. Kuna vikombe vilivyogongwa kitako kikaingia ndani, unalipia kikombe unapata robo tatu. Usigombane, omba nyongeza: kiganja kimoja juu ya kikombe ni desturi, na anayekunyima nyongeza leo amekupoteza mteja mwaka mzima, naye anajua.

Hoteli za pembeni mwa ziwa nazo zinauza sambaza, kwenye sahani nyeupe, na kipande cha ndimu. Sizisemi vibaya. Kaa pale jioni moja, agiza, tazama jua linavyozama, ila ujue unalipia ziwa na kiti. Sambaza zenyewe ni zilezile za Kituku, zimechelewa tu kufika.

Chakula cha mchana ni habari nyingine. Restora ninazozipenda ni zile za mbao, benchi mbili, sufuria nne kwenye makaa: bugali, sombe (majani ya muhogo), maharage, lenga-lenga (mchicha), na nyama siku mama akiwa na moyo. Fika kabla ya saa sita na nusu. Sombe inapikwa saa nyingi, na ukiwahi utaikuta laini, mafuta yakiwa yamepanda juu. Ukija saa nane utakuta chini ya sufuria, na chini ya sufuria ya sombe ni sehemu ya waliochelewa, hakuna wa kumlaumu. Uliza bugali ni ya unga gani: wengine wanapika muhogo mtupu, unavutika kama gundi, wengine wanachanganya na mahindi. Mume wangu anaapa kwa muhogo mtupu. Mimi nachanganya, na ndoa inaendelea.

Kabla hujaketi, tazama maji. Mgeni anashangaa: mji uko kando ya ziwa, mbona watu wanabeba bidoni, yaani madumu ya maji? Tunaishi juu ya mawe ya volkano. Mvua ikinyesha inazama papo hapo kwenye nyufa, visima si rahisi, na mabomba hayafiki kila mtaa. Watu wengi wanachota ziwani moja kwa moja, ndiyo maana kipindupindu hakituachi. Restora nzuri kwangu ni ile yenye ndoo ya kunawia iliyofunikwa, yenye bomba dogo na sabuni pembeni. Beseni moja linalozunguka meza zote, kila mtu akichovya mkono wake, hapana. Maji ya kunywa nunua ya chupa, ufungue mwenyewe, usikie kifuniko kinavyokatika.

Michopo, nyama ya mbuzi ya kuchoma, ni ya jioni na inataka subira. Mkosi wa mgeni ni kufika na njaa. Mbuzi anaanza kuchomwa ukishaagiza, na moto mzuri hauharakishwi. Nenda jikoni mwenyewe, chagua kipande kikiwa kibichi, mkubaliane bei palepale, kisha rudi ukae na soda au bia yako na ndizi za kuchoma mezani. Ukikubali kuletewa "ya elfu kadhaa" bila kuiona, utaletewa mifupa iliyovaa nyama kidogo. Uliza pia kama usiku uliopita walikuwa na umeme. Siku hizi taa zipo mitaa mingi kuliko nilipoolewa, kwa sababu ya umeme wa maji kutoka Matebe, Rutshuru, ila kukatika kupo, na friji iliyozimika usiku kucha haikuandikii barua. Kwa mbuzi aliyechinjwa mchana huna wasiwasi. Kwa kuku wa barafu na samaki wa barafu, uliza.

Fromaji inatoka milima ya Masisi, kwa wafugaji. Inakuja duara, ganda lake la njano, na haihitaji friji siku za kwanza, kwa hiyo ndiyo zawadi nzuri ya kuvuka nayo mipaka. Bei yake inafuata barabara: njia ya kupitia Sake ikiwa na shida, fromaji inaadimika au inafika imepigwa jua. Bonyeza kwa dole gumba. Ikirudi taratibu, nzuri. Ikibaki na shimo, bado ina maji mengi na itakuharibikia njiani. Omba kipande cha kuonja, muuzaji wa kweli ana kisu tayari. Nunua duara zima, usinunue kipande kilichokatwa asubuhi kikashinda na nzi.

Kwa vitu vya duka, nenda Birere, mtaa wa maduka. Kila kitu kinachovuka mpaka mdogo wa Gisenyi kinapita hapo, kuanzia unga hadi kioo cha simu. Nenda asubuhi, pochi iwe mbele, na usivae viatu unavyovipenda: mawe meusi ya volkano yanakula soli, na vumbi lake halitoki. Jumamosi asubuhi kuna salongo, usafi wa pamoja wa mji, maduka yanachelewa kufungua. Isitoshe, wenzetu Waadventista hawafungui Jumamosi kutwa, na wengine wanafunga Jumapili, basi ukiwa na duka lako moja tu unalolipenda, jua mwenyewe anasali siku gani. Ng'ambo, Gisenyi, Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi wana umuganda, kazi za pamoja za jamii, usivuke kwenda kununua kitu ukakuta kimya.

Fundi nguo. Hapa nina kidonda. Mwaka mmoja nilipeleka kikwembe (kitenge) kizuri, yadi sita kamili, kwa fundi mmoja nisiyemtaja, nguo ya Bonane, yaani Mwaka Mpya. Alinipima vizuri, mkanda shingoni, penseli sikioni, akaandika namba zangu nyuma ya kadi ya simu. Akaniambia Jumamosi. Jumamosi ikawa Jumanne. Tarehe 31 Desemba saa kumi na moja jioni ananikabidhi gauni lenye mikono mifupi wakati niliomba mirefu. "Kitambaa kimeisha, mama." Mwezi wa pili nikakutana na mtoto wa jirani yake amevaa shati la maua yangu. Sikusema kitu. Niliyahesabu yale maua, basi.

Tangu hapo: nakipima kitambaa mbele ya fundi na tunaandika yadi kwenye karatasi anayobaki nayo yeye na ninayobaki nayo mimi. Ninabeba picha ya mshono, maneno hayatoshi. Ninaomba vipande vilivyobaki hata kama ni vya kufutia meza. Ninalipa nusu. Na ninayomtajia fundi, sherehe yangu siku zote ni wiki moja kabla ya tarehe yake halisi. Shemeji akae hapa siku kumi au asijisumbue na fundi. Desemba asijaribu kabisa.

Usafiri ni motari, dereva wa pikipiki. Patana bei kabla ya kupanda, na usitaje jina la barabara, taja rond-point (mzunguko wa barabara), kanisa au kituo cha mafuta. Usiku ukiingia usitafute usiyemjua. Omba restora wakuitie wanayemtumia wao. Ukinunua gunia la viazi au makaa, tafuta chukudu, lile baiskeli la mbao lisilo na pedali. Linabeba mamia ya kilo na dereva wake anaijua kila njia ya mji. Watu wanapiga picha na ile chukudu ya dhahabu pale kwenye rond-point yake. Mimi napatana na za mbao.

La mwisho, beba chombo chako tupu chenye kifuniko. Mama wa sambaza atakufungia kwenye karatasi, mafuta yatapita, na begi lako litanuka mpaka Kampala.

Nimemaliza kuandika, nimefungua kalenda ya mwezi kwenye simu. Siku atakayoingia, mwezi utakuwa umebakiza usiku mmoja kujaa. Nimemwongezea mstari mmoja chini: "Shemeji, usiku wa kwanza ni michopo. Sambaza tutaongea wiki ya pili."